Awe Anapumua

Watu wengine hupanga safari ya kwenda Lanpu ili wapige picha. Hufungua simu, huchagua nyumba ya wageni yenye taa nyekundu barazani, huuliza kama mvua itanyesha na kama wale samaki wadogo wa mtoni bado wanakaangwa karibu na daraja. Fang Suqin aliipanga safari hiyo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika wodi ya hospitali mjini Hangzhou, na alitaka kuhakikishiwa jambo moja tu: baba yake afike akiwa hai.

Si kwamba afike apone. Daktari alikwisha kulifunga hilo asubuhi, ukumbini, kwa sauti ya chini huku akiangalia viatu vyake. Ini limekwisha, maji yamejaa tumboni, familia ijiandae. Suqin alimshukuru, maana ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikupiga na habari ya namna hiyo unamwambia ahsante, kisha unatafuta pa kushika usianguke.

Aliporudi wodini, Mzee Fang Shouyi alikuwa macho, manjano kama ganda la ndizi, akimtazama.

"Amesemaje yule mtoto?" Madaktari wote wasio na mvi kwake walikuwa watoto.

"Amesema tunaweza kwenda nyumbani, baba."

Mzee akafumba macho. Mtu wa Lanpu akiambiwa na hospitali aende nyumbani haulizi mara ya pili.

Kwetu Lanpu, maiti haivuki daraja. Ukifia ndani ya mji unalazwa katika jumba la ukoo, chini ya majina ya babu zako, unaliliwa na kusindikizwa kama mtu mwenye kwao. Ukifia nje, hata kama ni hatua chache tu toka darajani, hata kama ulizaliwa ndani, ukaoa ndani na kuzaa ndani, unabaki nje. Unafungiwa turubai ng'ambo ya mto, kwenye uwanja uliokuwa wa kupuria mpunga na sasa ni maegesho ya mabasi ya watalii, na jina lako halisomwi pamoja na ya babu zako. Wazee husema roho iliyopoa ikiingia mjini huvuta na wengine. Ndiyo maana hospitali za mkoa mzima zinatujua: ni sisi tunaoondoka na wagonjwa mbiombio, mpira wa hewa ungali puani, ili pumzi ya mwisho ikatokee nyumbani.

Na katika wote walioilinda desturi hiyo, hakuna aliyeilinda kama mzee huyu huyu aliyelala hapa, miaka yote aliyokuwa mkuu wa ukoo wa Fang.

Suqin akaanza kupiga simu. Balaa haliji peke yake: ilikuwa likizo ya taifa, wiki ile ambayo nchi nzima huamua kwa pamoja kwenda kutalii. Kampuni inayoendesha mji siku hizi ilikuwa imeweka kizuizi cha chuma darajani, hakuna gari kupita mpaka likizo iishe. Msichana wa ofisi ya tiketi, mwenye sauti tamu kama asali, akamweleza kwamba nafasi zote zimejaa, kwamba wazee huingia bure lakini lazima waandikishwe mapema, na je, angependa mtu wa kuwatembeza?

Suqin akamwambia kwamba baba yake anakwenda kufa.

Msichana akaiacha ile sauti ya asali. Halafu, kwa sauti yake ya kweli ya kijijini, akasema samahani mama, basi mtafute mkuu wa walinzi, ndiye mwenye ufunguo wa kizuizi. Anaitwa Fang Guohe.

Suqin alilijua jina hilo kabla halijatajwa, na alikuwa ameomba moyoni lisitajwe. Guohe alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, wamekua pamoja, wamegombania bakuli moja la tambi. Mzee alipohamia Hangzhou kukaa na bintiye, ukoo ulimchagua Guohe ashike nafasi yake. Kwa hiyo ufunguo alikuwa nao yeye, na pamba alikuwa nayo yeye.

Ni hivi. Gari la mgonjwa likifika darajani, mkuu wa ukoo huchukua kipande cha pamba, hukichambua mpaka kiwe chepesi kama utando wa buibui, akakiweka mbele ya pua ya anayeletwa. Pamba ikitikisika, pita. Isipotikisika, geuza. Hakuna hukumu nyingine wala rufaa.

Msimu mmoja wa baridi, miaka mingi sasa, Guohe alimleta mama yake toka hospitali ya wilaya. Kina mama wa Lanpu wote walimpenda mwanamke yule. Suqin mwenyewe, aliyefiwa na mama mapema, alikuwa akimwita Mama Mdogo na ndiye aliyemsuka nywele mpaka akaolewa. Mzee Shouyi akatoka na pamba yake, akasimama darajani mbele ya watu. Haikutikisika. Guohe akapiga magoti juu ya mawe yenye barafu, akasema, Baba Mkubwa, mguse mikono, mikono bado ina moto. Mzee hakuigusa.

"Pamba haina undugu," alisema. "Mpelekeni uwanjani."

Wakamlilia chini ya turubai, theluji ikiangukia kwenye sufuria za wapishi. Guohe hakusema neno baya siku ile wala baada yake. Kila mwaka mpya alileta mguu wa nguruwe uliokaushwa, akaupokeza kwa mikono miwili, akainama, akaondoka bila kunywa chai. Suqin aliwahi kujifariji kwamba yaliyopita si ndwele. Leo, simu mkononi, aliona kwamba hakuna ndwele nyingine ila hayo yaliyopita.

Akapiga. Akaeleza kila kitu kwa mkupuo mmoja, asije akakosa ujasiri katikati. Upande wa pili zilisikika filimbi na kelele za watalii, kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Njooni," Guohe akasema. "Kizuizi nitakiinua mimi. Lakini sharti unalijua, mdogo wangu."

"Nalijua, kaka."

"Awe anapumua."

"Atakuwa anapumua."

Hakumtukana wala hakumkumbusha kitu. Suqin angefurahi kama angemtukana.

Alipomwambia baba yake kwamba mpango umekamilika, mzee aliuliza nani mwenye ufunguo. Kusikia jina, akageukia ukuta.

"Na pamba ni yeye?"

"Ni yeye, baba."

"Atapima barabara. Mimi ndiye niliyemfundisha." Akahema kidogo, akitafuta nguvu. "Ulikuwa umepanga tuondoke lini?"

"Kesho alfajiri."

"Wacha mambo ya kesho. Leta viatu vyangu vya kitambaa."

Ilikuwa bado mchana. Suqin akakodi gari la wagonjwa la mtu binafsi, dereva wake akiitwa Meng, mnene, mchangamfu, aliyekwisha kuwarudisha makwao watu wengi wa namna hiyo na aliyezungumza na wagonjwa wake kama kondakta anavyozungumza na abiria. Alimfunga mzee mikanda, akamwambia, babu, shikilia roho yako vizuri, njia ina makorongo. Mzee akamwambia anyamaze aendeshe. Suqin alicheka, cheko lake la mwisho siku ile.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo tungelifanya sote. Alipanga viatu, akapanga vyeti, akapanga mtungi wa hewa na wa akiba, akapanga nani awashe ubani nyumbani. Hakupanga foleni. Watu waliokuwa wakienda kuiona Lanpu walikuwa wengi kuliko barabara yenyewe. Saa mbili za safari ziliwakuta wakiwa hata nusu hawajafika, magari yamesimama kama yameegeshwa, watu wameshuka wanakula mayai ya kuchemsha ukingoni, mume na mke wanacheza mpira wa vinyoya katikati ya barabara kuu. Meng akapiga king'ora. Wengine wakasogea kidogo, wengine wakainua simu wakapiga picha.

Mzee alikuwa akisinzia na kuzinduka. Wakati mmoja alipozinduka alimshika binti yake mkono, kwa nguvu ambayo Suqin hakuitegemea.

"Siku ile kulikuwa na upepo?"

"Siku ipi, baba?"

"Ya mama yake Guohe. Kulikuwa na upepo darajani?"

Suqin alikumbuka vizuri sana. Theluji ilikuwa ikianguka wima, moshi wa majiko unapanda wima. Hata jani halikuwa likicheza.

"Sikumbuki," akasema.

Mzee alimtazama kitambo, halafu akaachia mkono. Karibu na kibao cha hudhurungi kinachowaonyesha watalii njia ya kuingia mji mkongwe, kifua chake kilipanda, kikashuka, na Suqin akakingoja kipande tena. Aliendelea kungoja huku foleni ikianza kusogea.

"Meng," akaita. Dereva akatazama kwenye kioo, akaelewa.

"Dada, usiizime hewa," alisema taratibu, uchangamfu wote umemtoka. "Mashine ikiwaka huyu ni mgonjwa. Ukiizima ni mzigo mwingine, na mimi sina kibali cha kuubeba. Msemeshe. Usiache kumsemesha."

Basi Suqin akamsemesha. Alimwambia baba, tumepita kiwanda cha matofali. Baba, hii ndiyo michai ya kina Fang wa chini, wameipogoa vibaya. Baba, mto umejaa. Alisema huku machozi yakimwingia mdomoni, na mpira wa hewa ukifoka puani mwa mtu asiyeihitaji. Alifikiria uwanja ule, mabasi, harufu ya dizeli, na turubai. Alifikiria kuinama mbele ya Guohe na kuambiwa neno lile alilomsikia baba yake akilitamka darajani. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu ni mchungu.

Darajani palikuwa pamejaa wasichana waliokodi mavazi ya kale, miavuli ya karatasi, kipaza sauti kikielezea umri wa mawe. Guohe alikuwa amesimama mbele ya kizuizi katika sare yake ya bluu, filimbi kifuani, amenenepa kidogo, nywele zimepungua. Nyuma yake walisimama wazee kadhaa wa ukoo. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akamtazama Suqin usoni, na Suqin akajua kwamba amejua. Hakuna uso unaoweza kuficha jambo kama lile.

"Kaka," akaanza.

Guohe akatoa pamba mfuko wa kifuani, akaichambua bila haraka, akapanda ndani ya gari. Wazee wakasogea waone. Siku ile ya theluji, Mzee Shouyi aliishika pamba kwa mkono ulionyooka wote, uso kaugeuzia pembeni, mdomo kaufunga mpaka mashavu yakatuna, ameizuia pumzi yake mwenyewe isije ikamsaidia marehemu. Suqin alikuwa amesimama karibu. Aliona, na akaona fahari: baba yangu ni mtu wa haki.

Guohe aliinama. Akainama zaidi, mpaka paji la uso wake karibu liguse la mzee, kama mtoto anayemnong'oneza babu yake siri. Akaileta pamba katikati ya nyuso zao. Akapumua.

Pamba ikatikisika.

"Anapumua," akawaambia wazee bila kugeuka. Walikuwa karibu, macho yao hayakuwa mabovu. Mmoja akakohoa. Wakarudi nyuma wote, njia ikawa wazi.

Kisha Guohe akamrekebishia mzee kiatu cha kitambaa kilichokuwa kinataka kuvuka. "Shikamoo, Baba Mkubwa," akamwambia. "Pole na safari. Umefika nyumbani." Akashuka, akapuliza filimbi kuwaondoa wasichana wa miavuli, akainua kizuizi kwa mkono wake.

Hayo tu. Yalichukua muda mfupi kuliko kununua tiketi.

Wakamlaza katika jumba la ukoo, wakafunga milango kwa watalii, na hapo ndipo aliporuhusiwa kufa. Wanawake wa ukoo wakakaa mkekani, wakamngoja Suqin, kwa sababu binti ndiye huanza kilio. Huita jina la aliyemfia kwa sauti, na wengine humfuata. Guohe alikuwa mlangoni, amevua kofia.

Suqin akapiga magoti. Alimtazama baba yake chini ya majina ya babu zake, amenyooshwa, msafi, mahali alipopataka. Alitaka kumwita. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka iliwafanya wanawake wote wageuke, na Guohe akaegemea nguzo akafunika uso kwa kofia yake.

"Mama Mdogo," Suqin alilia. "Mama Mdogo, uko nje peke yako."