Kikombe Hakina Jina

Mimi ndiye ninayepika chai katika ofisi ya watu wanaotengeneza programu za kompyuta. Niliishia darasa la saba, na hilo silionei haya. Darasa la saba la wakati wetu ulitoka unajua kusoma, kuandika na kunyamaza, na hicho cha mwisho ndicho kilichonifaa zaidi kazini.

Ofisi iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Wao ni kumi na mmoja, mimi wa kumi na mbili, na wote wananiita Mama Birika. Wanachotengeneza ni daftari la zahanati, ila liko ndani ya kompyuta. Mgonjwa akifika, muuguzi anaandika humo umri wake, maradhi yake na dawa aliyopewa, na akirudi mwezi ujao hakuna kupekua makaratasi. Programu yenyewe inatolewa bure. Tena si bure tu. Jinsi ilivyoandikwa imewekwa wazi kwenye mtandao, na mtu yeyote duniani anaweza kuisoma mstari kwa mstari, kuisahihisha, au kuichukua akaitumia kwake. Wenyewe huiita programu huria.

Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona ni upuuzi. Nikauliza ni mpishi gani anayeacha jiko wazi, kila mpita njia achungulie sufuria yake. Kuna binti pale tunamwita Bibi Kanuni, kwa jinsi asivyopitisha kosa hata la nukta. Akanijibu kwamba mpishi huyo ni yule asiyetia mchanga. Jibu lile lilinikaa.

Ukutani wana karatasi ndefu yenye orodha ya nchi zinazotumia kazi yao. Ilipofika ya kumi na tisa, nilipanda juu ya kiti mimi mwenyewe na kalamu, nikaiandika, na walipiga makofi kana kwamba mimi ndiye niliyeipata. Nilishuka nimevimba kichwa, Mungu anisamehe.

Lakini nilikuwa na sababu yangu ya kuipenda kazi ile. Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu. Alipougua, aliandikwa kwenye daftari la karatasi, na daftari lile lilikaa wazi juu ya meza ya mapokezi. Watu waliosubiri zamu walilisoma kichwa chini miguu juu. Kabla hajamaliza dozi ya kwanza, mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri, wakapita na viatu vyao mkononi kwenda kwa fundi mwingine. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, akishona vya wanawe tu. Kilichomuua ni maradhi, sitamsingizia mtu. Kilichomzeesha ni lile daftari.

Sasa niseme yaliyotokea.

Jumatano moja waliketi kwenye meza kubwa, nami nikaingia na sinia. Mkurugenzi alikuwa anazungumza. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mwepesi wa utani, na roho yake ni nzuri. Alisema wafadhili wanataka kuona programu inamsaidia nani, la sivyo zahanati zilizo kwenye foleni zitaendelea kungoja. Kwa hiyo kila mgonjwa atakapohudumiwa, programu itume habari kidogo hapa ofisini, yaani zahanati gani, saa ngapi, mgonjwa ana umri gani, ni mwanamume au mwanamke, amepewa dawa gani. Majina hayatachukuliwa. Ijumaa jambo hilo liwekwe.

Bibi Kanuni akakataa. Alisema mgonjwa alimpa muuguzi habari zake, hakutupa sisi. Wenzake wakaangalia meza. Fundi mkuu wao, wanayemwita Kipara, akasema kila kitu chao kiko wazi, kikiwekwa kibaya wasomaji wa nje watakiona tu. Mkurugenzi akatia utani kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, wakacheka. Bibi Kanuni hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kuwa likiwekwa Ijumaa, Jumatatu yeye wasimngoje.

Niliendelea kumimina. Lakini neno lile la majina hayatachukuliwa halikuniingia. Mimi pale siandiki jina la mtu. Kila mmoja ana kikombe chake, namfahamu kwa kikombe na kwa saa anayokitaka. Na kwa vikombe hivyo nilijua mhasibu ni mjamzito kabla mumewe hajajua. Mtoto sasa anakimbia, ndiyo maana nalisema. Siri ya mtungi muulize kata.

Alfajiri ya Alhamisi nilisali muda mrefu kuliko kawaida. Nilimwomba Mungu anifunge mdomo kama ni umbea, na anifungue kama ni haki. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika, nikaenda kazini.

Mkurugenzi huwahi kabla ya wote. Nilimpelekea kikombe chake, nikaweka na karatasi kando, nikamwomba aisome. Nilikuwa nimeandika mambo ya wiki nne. Jumatatu, saa nne, chai, sukari hapana. Jumanne, saa mbili, hakunywa kitu, na saa nne na nusu vikombe viwili kwa mkupuo. Jumatano, maji mara tano. Alhamisi, maji mara sita. Nikaendelea hivyo hivyo hadi chini, bila jina wala cheo.

Aliniuliza kama nimeanza kutunza stoo. Nikamwambia hapana, anitajie huyo ni nani.

"Nitamjuaje, Mama? Hakuna jina hapa."

"Mimi sichukui majina, mwanangu. Nachukua vikombe tu."

Akaisoma tena, taratibu, na kidole. Nikamweleza nilivyoisoma mimi. Mtu huyu zamani alikuwa mtu wa vijiko vitatu, akaiacha sukari ghafla, na mtu mzima haachi sukari ghafla bila kuambiwa na daktari. Kila baada ya wiki mbili, Jumanne, anakaa na njaa mpaka saa nne na nusu, maana anakwenda kutolewa damu. Na maji anakunywa kama anazima moto.

Mkurugenzi aliinuka akafunga mlango.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Hiyo ndiyo habari niliyokuletea."

Alikaa. Akasema hata mkewe hajui. Nikamwambia kwangu hatajua, lakini ningeiangusha karatasi hii kwenye ngazi, mwenye akili angehitaji asubuhi moja tu. Halafu nikamwambia langu, kwa sababu si haki kumvua mwenzio nguo nawe umejifunika.

"Zahanati ninayotibiwa inatumia programu yenu. Nakwenda Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, dirisha la tatu. Mwanamke wa miaka hamsini na minane pale ni mmoja. Mkiongeza na dawa, mmenianika barabarani, na jina langu hamkuligusa."

Hakuniuliza natibiwa nini. Msomaji naye aniwie radhi. Haya ya Mkurugenzi nayaandika kwa ruhusa yake, baadaye aliwaeleza wenzake mwenyewe, na nyumbani kwake pia. Nilichukua karatasi yangu, nikaichana, nikaviloweka vipande kwenye sinki mpaka wino ukatoka.

Saa tatu aliwaita wote. Alisema amefikiri, amekosea, na jambo la Ijumaa halipo tena. Hakunitaja, nami nikamshukuru moyoni. Nilidhani yameisha. Kumbe Kipara alikuwa amevua miwani, anaifuta na hana la kufuta. Akasema lile jambo limeshawekwa. Aliliweka wiki tatu nyuma, wafadhili walipoanza kuuliza, kwa majaribio katika zahanati mbili, na habari zimekuwa zikiingia.

Kutoka chini tulisikia watu wa duka wakikoroga rangi.

Mkurugenzi akauliza, ilikuwaje lisionekane, na kila kitu kiko wazi? Kipara akajibu kuwa lilikuwa wazi kweli, liko kwenye ukurasa wao tangu siku ile, yeyote angeliona. Bibi Kanuni ndiye aliyeumia kuliko wote. Alisema alipita kwenye mistari ile, akaona ni kazi ya Kipara, akaamini, akaenda mbele. Na walio nje nao kila mmoja aliamini kuna mwenzake amesoma. Nikajifunza siku ile kwamba jiko kuwa wazi hakutoshi, ikiwa kila mpita njia anadhani mwenzake ndiye aliyechungulia.

Ukaja ubishi wa nini kifanyike. Wengine walitaka mistari ile iondolewe kimyakimya, habari zilizokusanywa zifutwe, basi. Mmoja akasema wazi, funika kombe mwanaharamu apite. Na kwa kweli hakuna ambaye angejua. Kipara aliliunga mkono, maskini, alikuwa anaogopa jina lake kuharibika nchi kumi na tisa kwa mpigo. Wengine wakaona na wafadhili watakimbia.

Mkurugenzi aliwasikiliza wote mpaka wakachoka. Kisha akasema:

"Sisi ndio tuliosema tuko wazi. Tulipofanya vizuri tulikuwa wazi. Leo tutajificha wapi?"

Nilisimama na sinia langu mlangoni, na sitasema uongo, macho yalinilowa. Nimeishi miaka mingi, na waliokosa niliwaona wengi. Wenye mamlaka waliosema tumekosa kabla hawajakamatwa, sikumbuki kama nilishamwona mmoja.

Waliandika taarifa hadi mchana. Wakaniita niisome, wakasema Mama Birika akielewa, dunia nzima itaelewa. Nikasoma. Walikuwa wameandika kwamba vilikusanywa vipimo vya matumizi visivyotambulisha wahusika. Nikauliza ni kitu gani hicho. Kipara akasema ni umri, saa na dawa.

"Basi andika umri, saa na dawa."

Akaandika. Mbele kidogo walisema wanaomba radhi ikiwa wagonjwa walisumbuka. Nikawaambia mgonjwa hajui lolote, atasumbukaje? Kwanza aambiwe, halafu ndiyo aombwe radhi. Hapo Mkurugenzi alipiga simu zahanati zote mbili mwenyewe, akaomba wauguzi wawaeleze wagonjwa ana kwa ana, kila atakayekuja.

Kisha Bibi Kanuni akaketi kwenye kompyuta, tukamzunguka kama watu wanaotazama mtoto akivikwa nguo mpya. Mistari ilikuwa arobaini na mmoja. Ikageuka rangi nyekundu, ikaondoka. Kila badiliko kwao lazima liandikiwe sababu, na sababu hiyo hukaa pale daima, isomwe na yeyote. Aliandika: Kuondoa jina si kumficha mtu. Ametuonyesha Mama Birika.

Nilimwambia anitoe, mimi si mtu wa kuandikwa. Akasema kanuni haziruhusu. Watu wakacheka, hata Kipara, na ndipo nilipojua ofisi imepona.

Matusi yalikuja, siku mbili tatu, ya lugha ambazo sizijui na nyingine ninazozijua. Wafadhili walinuna, wakaandika barua ndefu. Mwishoni wakakubali kila zahanati ijihesabie yenyewe na kusema mwisho wa mwezi imehudumia watu wangapi, bila zaidi. Zahanati moja ilijitoa, hatukuilaumu. Halafu ikaja barua kutoka kwa watu wa mbali wanaotengeneza programu ya mashule. Walisema wameisoma taarifa yetu, wakachungulia yao, wakakuta habari za watoto zilikuwa zikitoka vilevile, bila majina. Wameziba. Wakauliza Mama Birika ni mtaalamu kutoka chuo gani. Mkurugenzi aliisoma barua ile kwa sauti, mbele ya wote. Niliwageuzia mgongo nikajifanya naosha vikombe, lakini nilikuwa natabasamu peke yangu kama bibi harusi.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata nilikwenda kutibiwa. Kwenye benchi nilikaa na mwanamke mdogo kuliko binti yangu, ameshusha mtandio mpaka kwenye nyusi. Aliitwa mara mbili, hakuinuka. Nilimuuliza kama miguu inamuuma. Akaninong'oneza kwamba amesikia kompyuta za hapa zilikuwa zinapeleka habari za watu.

"Za hapa hazikupeleka," nikamwambia. "Ni zahanati mbili nyingine, na huko nako kumeshazibwa. Umesikia kwa sababu walioiandika programu walisema wenyewe. Nawajua."

"Wewe ni bosi wao?"

"Napika chai yao."

Akacheka, akaziba mdomo kwa mtandio. Aliitwa mara ya tatu. Safari hii akainuka, akaenda mpaka dirishani, akaanza kueleza yaliyomleta. Nikageuza uso upande wa pili, nisisikie.