Wavu wa Siku Tisa

Mdogo wangu Roderick akiwa peke yake ni mtu. Wageni wakija, simtaki hata kumwona. Anavaa ule mkufu wa makucha ya dubu alioununua dukani mjini, anaanza kuongea polepole kama aliyetoka kufufuka, na kila kitu kinakuwa cha mababu. Kupasua kuni, cha mababu. Kupenga kamasi kwenye theluji, cha mababu. Mimi nimechuchumaa pale kwenye jiko la bati nikigeuza mkate kikaangioni, na kinyaa kinanipanda mpaka kooni.

Februari ile alileta wageni saba kutoka kusini, siku kumi, waje kujifunza kuishi porini kama sisi Wakrii, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada. Watu wapole, sina neno nao. Mmoja, Geneviève, daktari wa meno, aliandika kila kitu daftarini, hata jinsi ninavyotandika matawi ya misonobari chini ya hema. Nilimwambia tunatandika ili tusilale kwenye barafu. Roderick akamwambia ni pumzi ya msitu. Akaandika ya Roderick.

Sasa, baba yetu Eliezer ana miaka themanini na mitatu. Yeye ndiye mkuu wa eneo letu la kuwinda, maziwa kumi na moja na mto wote mpaka kwenye maporomoko. Alitutangazia, mimi na Roderick, kwamba safari ile ikiisha atataja nani anashika baada yake. Nililitaka eneo lile, nasema wazi. Tangu mume wangu afariki nimekaa huko majira ya baridi kumi na mawili, huku Roderick yuko mjini anakunywa kahawa za ofisini. Nililitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Siku ya kwanza, Ijumaa, Roderick aliwapeleka wageni ziwani kutega wavu chini ya barafu. Wakatoboa matundu, wakapitisha kamba kwa mti mrefu, wakapiga picha mpaka betri zikafa kwa baridi. Baba akamwambia autazame kila baada ya siku mbili. Roderick akaitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba. Kesho yake yakaja mafunzo ya viatu vya theluji, kisha hadithi, kisha sijui ngoma, na wavu ukamtoka kichwani.

Jumatatu nilipita pale nikienda kwenye mitego yangu ya sungura. Theluji juu ya tundu haikuwa na unyayo hata mmoja. Nikazima pikipiki yangu ya theluji, nikavunja barafu kwa shoka, nikashika kamba. Ikatetemeka mkononi mwangu. Samaki walikuwa wazima, tena wengi, wanavuta huku na huku. Ningeweza kuwatoa nusu saa tu. Ningeweza kurudi kambini nikamwambia, we Roderick, wavu. Badala yake nikaiachia kamba, nikarudishia theluji kwa mguu, nikasema moyoni, acha Baba ajionee mwenyewe. Na siku zote zilizofuata nilipika nikiimba.

Jumamosi ya pili, siku ya tisa, Baba mwenyewe alisema twende wavuni. Tukaenda wote. Wavu ulipoanza kutoka hakuna aliyehitaji kuambiwa. Katika baridi ile ambayo hata mkojo haunuki, uvundo ulitupiga usoni. Macho ya samaki yalikuwa meupe kama yai la kuchemsha. Nilimshika wa kwanza, nyama ikanibaki kwenye glavu, na mifupa ikabaki wavuni. Walikuwa thelathini na wanne, wote wanateleza ute kama pua ya mtoto mwenye mafua. Wageni wakarudi nyuma.

Ndipo Roderick, na uso wake mkavu, akawaambia wasiogope, hivi ndivyo mababu walivyopenda samaki wao, wanaachwa waive majini. Geneviève akavua glavu, akaanza kuandika.

Nilipandwa na hasira hata sikujisikia ninachosema. Nikamgeukia kwa lugha yetu.

"Mwongo mkubwa wewe, huna hata haya. Umewaozesha viumbe wa watu halafu unawasingizia wafu. Jumatatu hawa walikuwa bado wanavuta kamba."

Roderick akakodoa macho. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya tundu, ameshika samaki mmoja kwa mikono miwili ili asimeguke.

"Umejuaje ya Jumatatu, Minnie?" akaniuliza.

Nilikuwa nimejipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikatazama ziwa. Baba akasema tuwaokote wote, asibaki hata mmoja, kwamba kiumbe aliyejitoa kwetu hatupwi, analiwa. Roderick akanong'ona kwamba zamani walioharibika walipewa mbwa. Baba akasema mbwa hatuna siku hizi, tuna pikipiki, na pikipiki haili samaki.

Tukawapika. Yaani mimi ndiye niliyewapika, kwenye sufuria kubwa ya wageni, na povu lililopanda lilikuwa la kijivu. Hema zima likanuka kama kidonda. Baba aliwapa wageni sungura na mkate, akawaambia hii nyingine ni ya nyumbani kwetu. Geneviève akaomba aonje kidogo kwa heshima ya mila. Akaonja, machozi yakamlengalenga, akasema ina ladha nzito.

Baba alijipakulia wa kwanza. Akala taratibu, kila mfupa akiuweka kando kwa adabu, kama anavyofanya kwa samaki mzuri. Kisha akatusukumia sahani, mimi na Roderick. Nyama haikuhitaji meno. Iliyeyuka ikawa uji mchachu, ikanata kwenye ulimi na haikutaka kushuka. Roderick alifika kipande cha tatu, akatoka nje mbio, tukamsikia akitapika nyuma ya rundo la kuni. Mimi sikutapika. Nilishindilia kipande juu ya kipande na kumtazama Baba, nikiwaza kwamba anaona, anaona nani ana tumbo la kushika eneo.

Baba alifuta kisu chake kwenye suruali. Akaongea kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, wageni wakidhani anashukuru.

"Eneo atalishika Roderick."

Nikamwambia Roderick hajui hata wavu wake uko wapi.

"Ni kweli, alisahau," akasema. "Anayesahau nitamkumbusha. Wewe ulikumbuka siku tano, binti yangu. Wewe nikufanyeje?"

Sahani yangu ilikuwa na samaki wawili bado. Nikaisogeza karibu, nikaendelea kula.