Maji ya Kaidi

Mshonaji alikaa nyumba ya mwisho, chini ya kilima cha mchanga, na kilima ndicho kilichoizuia bahari isiingie jikoni kwake. Mdogo wake, dereva wa lori, alikimezea mate kilima hicho apate kuwauzia wajenzi mchanga. Kwa ajili hiyo ndugu hao hawakuwa wakisalimiana.

Kisha akaja bwana mimea, mtaalamu wa serikali. Huko juu akaona ua la zambarau, lile watu waliloliita Kaidi, akapiga magoti kama aliyeokota dhahabu.

"Mama, ua hili limebaki hapa tu. Nikirudi baada ya mvua nikalikuta hai, hakuna atakayegusa kilima. Litunze."

Akalitunza. Alilizungushia magunia lisifukiwe na mchanga. Jioni moja mdogo wake akashuka kwenye lori na madumu mawili ya maji ya kisima.

"Ya nini hayo?"

"Ya mgonjwa wako. Dada, ugomvi wa nini sisi kwa sisi?"

"Leo jua limechomoza upande gani?" alisema mshonaji, huku machozi yakimlengalenga.

Tangu hapo maji hayakukosekana. Kaidi likanenepa, majani mazito kama masikio ya mbuzi. Majirani walipouliza, mshonaji aliwajibu kwa kujidai, "Ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime."

Bwana mimea aliporudi alilishika kwa vidole viwili tu, likang'oka. Mzizi ulikuwa mweusi, unanuka.

"Nani kalinywesha? Hili linaishi kwa kiu. Mchanga ukilifukia ndipo linapopata nguvu ya kuchanua."

Akaondoka ameinamisha kichwa. Mdogo mtu alikuwa ameegemea lori, wapakiaji wameshika makoleo.

"Ulijua?" mshonaji alimuuliza.

"Baba alitufundisha, dada. Si alitupandisha huko watoto wote?"

"Mimi nilikuwa jikoni nawapikia."

"Basi hilo mlaumu baba."

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu hawakumwona.

Lori lilipojaa, alikuja mlangoni. "Dada, madumu yangu."

Akamtolea. Moja lilikuwa bado na maji.

"Chukua na maji yake. Mimi karibuni nitaletewa ya kutosha."

Akarudi kwenye cherehani. Suruali iliyokuwa chini ya sindano ni ya mdogo wake huyo huyo, aliyoipokea kwake kwa furaha siku chache kabla bwana mimea hajarudi. Akaimalizia, mshono mara mbili. Kushona vibaya hakukujua.