Mama Felizarda Apewa Tuzo ya Ukimya

Jana mchana, nikiwa nimelalia mikono mezani, niliota kwamba filamu yetu imeshinda.

Nasema yetu, lakini mimi kazi yangu ilikuwa maandishi tu. Ivone aliitengeneza kwao Msumbiji, kwa Kireno, kwa kuungaunga, nami hapa Mtwara nikaandika Kiswahili kile kinachopita chini ya picha. Saa kumi nilitakiwa kutuma nakala ya mwisho kwenye tamasha. Asubuhi waamuzi, waliokwisha kuona nakala ya awali, walikuwa wameandika kwamba kilichowagusa kuliko vyote ni ukimya wa mama aliyefiwa na mwanawe baharini.

Mama yule hakunyamaza. Alisema maneno mengi, upesi, akiosha sufuria, ametugeuzia mgongo. Kanuni ya kazi yangu ni mistari miwili tu kwa mara moja. Hayakuenea, nikayaruka, na sikumwambia mtu.

Basi nipo ukumbini. Tuzo yenyewe, kinyago cha mpingo, ndiyo mshereheshaji.

"Mimi ni Tuzo ya Ukimya," inasema. "Mama Felizarda apite mbele. Makofi yasikome mpaka aketi."

Anapita, sufuria mkononi. Viti navyo vimesimama kumpigia makofi, kwa hiyo hana pa kukaa.

"Shikamoo, mama."

Midomo yake inacheza, sauti haitoki. Chini ya miguu yake yanatokea maandishi meupe: *Karibuni chakula.*

Hayo ndiyo maneno pekee niliyomwandikia filamu nzima.

"Mama, umenikasirikia?"

*Karibuni chakula.*

Anapiga mguu chini, machozi yanamlengalenga. Naona aibu mpaka masikio yanawaka moto. Naigeukia tuzo.

"Mheshimiwa, huyu mama alisema."

"Wapi?" Inatoa futi ya fundi cherehani, inapima sakafu. "Sioni kitu. Na akisema, mimi narudi kuwa gogo, na Ivone anakwenda kwao mikono mitupu. Shauri yako."

Ukumbi sasa ni jiko la Mama Felizarda, ufukweni, na maji yananifika magotini. Makofi hayakomi. Mikono ya watu imevimba, mmoja analia huku anapiga. Nakimbia nyumbani, hatua tatu tu, nachukua kiti changu cha plastiki cha kijani, kile chenye mguu uliofungwa waya, namwekea.

"Kaa, mama. Kaa, nakuandikia sasa hivi."

Anakaa. Makofi yanakatika. Ukumbi mzima unatazama miguu yake, unangoja kusoma. Najipapasa mifukoni natafuta chaki. Sina.

Niliamka nimekaa sakafuni. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita, na kiti changu hakikuwemo chumbani.

Kwenye kompyuta picha ilikuwa imesimama palepale nilipoiacha. Filamu ile nimeitazama si chini ya mara arobaini, na siku zote Mama Felizarda anaosha sufuria amesimama, mgongo kwetu. Sasa alikuwa amekaa, amegeuka, ananitazama. Kiti kilikuwa cha kijani. Mguu wake mmoja ulifungwa waya.

Nikapiga magoti mbele ya meza, nikamwomba Ivone radhi kimoyomoyo, nikaandika:

*Usiniambie alizama.*
*Mwanangu alijua kuogelea.*

Nikatuma. Yalienea vizuri tu, na nafasi ikabaki.