Nani Anakaanga?

Akuwam alikuwa Lodwar kwa siku ya pili, vikapu vyake amevipanga sokoni, simu ilipolia kwa ujumbe. Alijua ni wa nyumbani. Tangu shule zifungwe, mwalimu Mugure aliwatumia wazazi kila asubuhi habari ya mnyama mmoja wa ajabu na kazi ya kuchora. Juzi ilikuwa mbuni, kwamba jicho lake ni kubwa kuliko ubongo wake: chora jicho tu. Jana ilikuwa fuko asiye na manyoya: mchore akiwa shimoni. Binti yake Atiir, wa miaka tisa, alibaki Kakuma akitumia simu ya nyanya yake, na hakuwa ameruka hata siku moja.

Habari ya leo Akuwam hakuisoma. Wateja walimwahi.

Alianza na ujumbe wa sauti wa mtoto. "Mama, ejok, hujambo. Sikiliza, nimeweka simu karibu." Kisha kimya. Kisha kitu kikakaangwa, chaaa, kikatulia, kikaanza tena.

Akuwam akacheka. "Mama mkwe ameona nimetoka, anajipikia chapati," akamwambia Akoru, muuzaji mwenzake.

"Bora yeye. Zako ni ngumu kama kandambili."

Cheko likamkauka mdomoni. Nyumbani hakukuwa na mafuta. Yeye mwenyewe aliikamua chupa ya mwisho Jumapili, akaitia mawe, akamfanyia mwanawe mdogo Ebenyo kayamba la kuchezea.

Akafungua picha. Nyoka mdogo, amejikunja mikunjo iliyobanana, na katikati ya mikunjo vistari vidogo kama meno ya msumeno. Chini Atiir ameandika SAUTI. Mgongoni kuna madoa meupe, moja baada ya jingine, na madoa hayo mtoto hawezi kuyatunga kichwani. Nyuma ya nyoka kuna jerikeni lililozibwa kwa gunzi, na kando yake pembe ya mkeka. Kwenye mkeka ule ndipo Ebenyo, wa miezi saba, hulazwa mchana.

Hapo ndipo aliposoma ya mwalimu. *Nyoka huyu hapulizi kwa mdomo, maana pumzi ingempotezea maji. Husugua magamba yake mpaka yanalia. Chora sauti yake.*

Akapiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, hapatikani. Akalitafuta jina la Nyandeng, mama wa Sudan Kusini mwenye duka mkabala na nyumba yake.

"Mama Atiir, Lodwar imekupokea aje?"

"Nyandeng, kimbia kwangu. Kuna nyoka nyuma ya jerikeni, karibu na mkeka wa mtoto. Usikanyage huko. Zunguka upande wa mlango umnyanyue Ebenyo."

Akasikia kandambili, mbuzi, pumzi. Akamsikia Atiir: "Auntie, pole pole, usimkasirishe." Kisha ile chaaa. Kisha Ebenyo akalia kwa kilio kirefu, na Akuwam akakaa chini juu ya vikapu vyake.

"Nyandeng."

Kilio tu.

"Nyandeng, nijibu."

"Niko naye nje. Analia kwa sababu nimemwamsha. Nimemgeuza pande zote, hana alama."

"Na Atiir?"

"Ako hapa. Penseli bado iko mkononi."

Akampa simu. Akuwam alitaka kugomba, sauti ikatoka ndogo. "Yuko hapo tangu lini, mama yangu?"

"Tangu uende. Nyoka analia tu nikisogea, kwa hivyo sikusogea."

"Na nyanya hukumwambia?"

"Nilimwambia, mama. Alisema hasikii kitu."

Ni kweli. Masikio ya bibi yule yalishachoka miaka mingi.

Akuwam alifika jioni. Vijana wa jirani walikuwa wamebomoa rundo la kuni, wameinua kila jiwe, wamechoma mkeka. Nyoka hakuonekana. Mwalimu hakukosea, habari yake ilikuwa ya kweli. Ila ilitumwa kwa watoto wanaoishi na mnyama huyo, na mama hakuisoma kabla ya mtoto. Wewe mwenye simu, isome kwanza.

Atiir bado anachora, lakini mlangoni, mama akimwona. Na hata leo jirani akitia kitunguu kwenye mafuta, Akuwam humnyanyua Ebenyo kwanza, ndipo huuliza nani anakaanga.