Mafuta ya Kambuzi

“Nyekundu! Boîte ya gia yote ya namna hii inakunywaka nyekundu, nasema…”

“Nyekundu ya wapi, vieux Katsuva? Weka mafuta ya motere, ile ya…”

“Petit, acha nimalize! Ya motere ni ya motere! Hata jina yake…”

“Na nyekundu ni ya direction, ya usukani wa magari! Kambuzi iko gari? Iko na ba-clients nyuma?”

Adeline alikuwa amelala chini ya Kambuzi, mugongo kwa udongo, miguu inje, na sauti mbili zilikuwa zinapita juu yake kama kuku mbili zenye zinagombania punje moja. Moja ilikuwa ya Katsuva, fundi wa pikipiki, mwenye alihama Butembo na familia yake zamani, na leo mu mutaa wa Mudzipela ni kazi kupata motere yenye haijapita mu mikono yake. Ingine ilikuwa ya Dany, mudogo wake Adeline, na Dany hakuna kitu anapenda kama kumuona mutu mukubwa akikasirika.

Kambuzi yenyewe ilinyamaza tu. Ilikuwa trakta kidogo ya zamani, kijani yenye jua imekula, yenye masista wa misioni walikuwa wanakatia nayo majani mu kiwanja chao. Masista walirudi kwabo, Adeline akabaki nayo, akafunga remorque, kigari cha kukokota, nyuma, na tangu hapo kabichi zake, zenye huku tunaita mashu, na vitunguu na karoti zilikuwa zinatoka bondeni mpaka soko bila kukaa juu ya kichwa cha mutu.

Shida ilikuwa moja. Asubuhi, ikiwa baridi, ilikuwa inapanda kama mutu ametumwa na anajua atapewa kitu. Lakini ikishapata moto, katikati ya kilima inakaa chini. Motere inalia, magurudumu yanakataa, sawa kabisa na mbuzi yenye imeona kamba. Jina ilitoka pale.

Dimanche, siku ya kanisa, ilikaa vibaya zaidi. Ilikaa katikati ya barabara, pikipiki zinalia nyuma, na Mama Solange, mama yake Adeline, amekaa juu ya remorque na pagne yake, kitenge cha kanisa. Watoto wakamuimbia wimbo wa kumucheka. Mama Solange alishuka, akatembea mpaka nyumbani bila kugeuka, na kesho yake akamutumia habari Étienne wa Iga Barrière, mwenye ananunuaka chuma chakavu.

“Leo anakuja,” Mama Solange alimuambia Adeline asubuhi. “Kama ikipanda kilima na moto yake, na miye mwenyewe ninaona, ibaki. Kama ikikaa, aibebe. Sitaki tena kuimbiwa.”

Na Étienne alikuwa amekwisha kufika. Mutu mukubwa kama mulango. Alikuwa amekaa kwa kiti kidogo cha jikoni, munyororo wa kuvutia mashini chini mbele ya miguu yake, na kila mara anaokota jani anapanguza viatu vyake, viatu vipya vyenye vinang’aa, halafu anaangalia telefone.

“Mufanye mbio,” alisema mara moja tu. “Siku ya samedi niko na mambo.”

Adeline akafungua kizibo cha chini. Mafuta ya zamani ikashuka mu beseni, nyeupe-nyeupe, kama chai ya maziwa.

“Maji iliingia,” Katsuva akasema.

Adeline akatia kidole, akakisuguasugua. Akachungulia ndani na torche. Kugombana kwa wale wawili hakukumusaidia kitu. Kila mutu alikuwa anatetea mashini yenye alijua. Yeye alitaka kujua ya hii.

“Vieux Katsuva, pompe na mano ya gia mu boîte, vinaoga mu mafuta moja?”

“Moja.”

“Na ile mukono yenye inainuaka kisu cha majani?”

“Ile ile moja.”

“Kumbe.” Akatoka chini, udongo mu nywele. “Basi mafuta hii inasukuma magurudumu, inalainisha, na inapoza, yote pamoja. Kazi tatu kwa mutu moja. Sasa nani anaiweza?”

Juu ya ubao kulikuwa chupa tatu, maana huku mafuta inauzwaka kwa kupima, chupa ya maji inajazwa na alama yoyote inabaki kwa tonneau, ile pipa kubwa. Kulikuwa nyekundu ya Katsuva. Kulikuwa ya motere, ya Dany. Na kulikuwa ya tatu, ya manjano kama asali nyepesi, Adeline aliitoa kwa mufanyabiashara mwenye anapita na malori ya Mahagi. Yule alisema ni ya matrakta makubwa, boîte na hydraulique, ile nguvu ya pompe, pamoja.

“Rangi gani hii?” Katsuva akakunja pua. “Kama mukojo ya mugonjwa. Sikia, dada. Miye, rangi inatosha. Niletee mafuta yoyote, nitakuambia inatoka inchi gani.”

Dany akasimama, akapanguza mikono. Mutu mwenye anamujua Dany angeanza kuogopa pale pale. Akaingia jikoni, akakawia kidogo, akarudi na chupa ya ine, ya moto-moto kwa mukono, nyekundu safi.

“Nilisahau hii. Rafiki yangu alinipatia.”

Katsuva akaiinua kwa jua. Akafunga jicho moja. Uso wake ukalainika.

“Aaah. Hii njo original. Ya Japan. Angalia vile inapitisha mwangaza! Hii, petit, hata ukikunywa haikuui.”

“Nilidhani hivyo,” Dany akasema, na sura ya mutu yuko kanisani.

Adeline hakuwasikiliza sana. Alikuwa anawaza. Kambuzi inachokaka ikiwa na moto. Basi hakuna faida ya kuangalia mafuta ikiwa baridi. Iulizwe ikiwa na moto. Akaleta mbabula yenye makaa ya moto, akapanga mikebe mine ya tomate juu yake, kila moja na mafuta yake, akasimamisha bati juu ya tofali ili ilale upande, mafuta ishuke juu yake. Étienne akaacha telefone, akasogeza kiti.

Nyekundu ya Katsuva ilipomwagwa ikakimbia kama maji, ikafika chini mbele hata Adeline hajarudisha mukebe.

“Eee,” Katsuva akasema polepole. Nyepesi vile, haingesukuma kitu.

Ya motere ikashuka na uzito wake, taratibu. Dany akapiga mikono. Lakini Adeline alikumbuka asubuhi, chupa zilipokuwa inje mu umande: ile ya motere ilikuwa inatoka kama uji wa jana. Pompe ingeivuta namna gani? Ile ya manjano asubuhi ilikuwa inamwagika vizuri, na sasa, na moto, ikashuka katikati ya zile mbili, haikimbii, hailali.

Akashika mukebe ya ine. Lakini mbele ya kuimwaga, harufu ilikuwa imekwisha kuzunguka kiwanja chote.

Étienne akainua kichwa. “Nani anakaanga ndizi makemba?”

Na kutoka jikoni, sauti ya Mama Solange: “Nani amegusa chupa yangu ya mafuta ya ngazi, mawese yangu?”

Katsuva akaangalia mukebe. Akaangalia jikoni. Dany alikuwa amekwisha kuanguka nyuma ya tanki ya maji, anashika tumbo kwa kucheka.

“Ya Japan!” akalia. “Ile Japan iko kule Mambasa, kwenye mawese inatoka!”

Sandale ya Katsuva ikapita juu ya kichwa chake. Halafu Katsuva naye akaanza kucheka, kwa kuchelewa na kwa kukohoa, kama diesel asubuhi ya baridi.

“Lakini nisikilize,” akasema akipanguza macho. “Kuna boîte zingine, nyekundu njo chakula yake.”

“Najua,” Adeline akasema. “Lakini hii, hapana. Hii tuipatie ile yenye ilitengenezwa kwa kazi tatu.”

Wakasafisha ndani, wakabadilisha kichujio, wakamwaga ya manjano mpaka kwa alama. Adeline akapanda, akawasha. Motere ikaitika. Akasukuma mukono wa kutembesha mbele.

Kambuzi haikusogea. Hata kidogo. Hata nguvu ya zamani, ya kupanda nusu ya kilima, ilikuwa imepotea.

Mama Solange alikuwa amesimama kwa mulango wa jikoni, mikono imefungwa kwa kifua. Étienne akaangalia saa, akainama, akaokota munyororo, akaanza kuupitisha chini ya chuma ya mbele.

Adeline akaruka chini. Mashu ya kesho ingerudi kwa kichwa. Akafungua kifuniko cha mafuta, akaangalia ndani tu, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kuangalia. Kulikuwa bulle ndogo-ndogo kama za sabuni, zinapanda, zinapasuka.

“Vieux Katsuva. Pikipiki yenye kusimamishwa na frein ya mafuta, ukimaliza kubadilisha mafuta, unafanyaka nini mbele ya kumurudishia mwenyewe?”

“Ninatosha hewa inje, kwani…” Katsuva akasimama na kinywa wazi. “Hewa! Dada, pompe imekunywa hewa! Inueni nyuma!”

“Étienne, ngoja kidogo,” Adeline akasema. “Tafazali.”

Étienne akamuangalia. Halafu, bila kuulizwa, akaweka munyororo chini, akashika nyuma ya Kambuzi na mikono yake mbili, akaiinua akichunga viatu, na Dany akasukuma tofali chini. Magurudumu yakabaki hewani. Adeline akasukuma mukono mbele, polepole. Nyuma, polepole. Mbele. Mafuta ndani ikatokota, ikashuka, Katsuva akaongeza. Mbele. Nyuma. Gurudumu la kushoto likatetemeka. La kuume likageuka nusu, likafikiri, likageuka yote.

Étienne akainua tena, Dany akatosha tofali.

Wakaiacha itembee mu kiwanja mpaka ikapata moto vizuri, ili Mama Solange asikose neno. Wakajaza remorque mashu. Mama akakataa kupanda. Akafuata kwa miguu, na wote nyuma yake kama wanasindikiza mutu. Kilima kikaanza. Pale yenye ilikaa dimanche, motere ikashusha sauti, Adeline akauma mudomo, na Kambuzi ikapita. Ikapita tu, kama haijawahi kukaa pale. Juu, pikipiki moja ikalia, na mwenye kuiendesha akainua kidole gumba.

“Hm,” Mama Solange akasema. Akapanguza uso na ncha ya pagne. “Ibaki.”

Halafu akakumbuka mugeni. Étienne alikuwa amefika juu, munyororo kwa bega, anahema.

“Mwanangu, utusamehe. Tumekuita bure toka Iga.”

Étienne alikuwa anazunguka remorque. Akapima upana na mikono yake, akatoa shu moja, akagonga ubao kusikia kama ni nguvu. Adeline akashuka mbio, akasimama mbele ya Kambuzi.

“Haiuzwi tena,” akasema.

“Nimesikia.” Étienne akainama, akapanguza kiatu cha kuume, akapanguza cha kushoto. Mutu mukubwa vile, na sauti yake ikatoka ndogo. “Mama, watu wawili wanaweza kukaa humu? Mumoja akiwa na robe ndefu nyeupe? Samedi ninaoa. Mutubebe.”