Nafasi ya Upawa

Mchonga mawe alikuwa mwanamke mkaidi, na wanaomfahamu wanasema ukaidi huo aliurithi kwa bibi yake. Kamati ya mnara ilipompa orodha ya askari arobaini na mmoja waliokufa wakiukomboa mji, aliisoma mara mbili, akauliza, "Upawa yuko wapi?"

Mwenyekiti akacheka. "Yule mpishi? Fundi, hili ni jiwe la askari. Yule hakushika bunduki."

Kweli, alishika sufuria. Siku ile daraja lilipokuwa likimiminiwa risasi, Upawa alijifunika sufuria kubwa ya jeshi kichwani, akavusha watoto mmoja mmoja mgongoni. Bibi yake mchonga mawe, wakati huo mtoto, alikuwa wa tatu. Aliporudi kumchukua wa nne, hakuonekana tena. Tangu hapo bibi alikuwa na ombi moja tu: alione jina la Upawa limeandikwa kabla macho hayajamwishia. Na macho yenyewe yalishakwisha nusu.

Mchonga mawe hakubishana. Alirudi karakanani, akapiga mistari kwa penseli, akazibana herufi zote kidogo, unene wa ukucha tu. Chini kabisa ikabaki nafasi ya jina moja. Mwenyekiti alipokuja kukagua, alinung'unika kwamba jiwe lina pengo kama kibogoyo.

"Jiwe nalo linataka kupumua," akamjibu, uso mkavu.

Siku ya uzinduzi uwanja ulifurika. Pazia likavutwa. Askari pekee aliyebaki hai kati ya wale wakombozi, mzee wa fimbo na medali, alikataa hotuba. Akaanza kuita majina kama walivyoitwa kambini kila asubuhi, na kwa kila jina watu wakaitikia, "Yupo!" Baada ya la arobaini na moja akapapasa pale patupu.

"Upawa yuko wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mzee wangu, yule alikuwa mpishi tu..."

"Na sisi tulipigana kwa shibe ya nani?" Watu wakaangua kicheko. "Sipigi saluti mpaka aandikwe!"

Mchonga mawe alishafungua mkoba. Patasi na nyundo alikuja navyo, maana alijua, au tuseme alimwomba Mungu iwe hivyo. Akapiga magoti na gauni lake la sherehe, akachonga herufi tano mbele ya mji mzima, vumbi likimjaa kwenye nyusi. Hakuna aliyeondoka. Hata mwenyekiti alikuja kumshikia mwavuli, aibu ikimtoka kidogo kidogo.

Alipopuliza vumbi la mwisho, alimwita bibi yake, akamshika mkono na kumpitisha kidole juu ya zile herufi. Bibi akazisoma polepole, machozi yakimtiririka, wala hakujificha.

Mzee akasimama wima, fimbo akaiacha ianguke. Akapiga saluti.

"Upawa!"

Uwanja mzima ukavuta pumzi kuitikia, lakini bibi akawawahi wote, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita aliyefikishwa ng'ambo salama:

"Yupo!"